Krismasi ya Junior Ukerewe

Mama Junior shoga yangu,

Habari za Dar, poleni na joto. Voisi yako nimeisikiliza yote ila nimeona bora nikuandikie, huku kwangu watoto wanapiga kelele tukiongea kwenye simu hatusikilizani. Kwanza umefanya vizuri kuniambia maana hilo jambo lisikukalie moyoni peke yako. Junior anatimiza miaka miwili maneno bado ya kuhesabu, na sasa unasita kumpeleka kwa bibi yake Ukerewe eti Kikerewe kitamchanganya asiongee kabisa.

Hapo nakukatalia mwaya. Mpeleke! Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea, watoto kibao hapa Mwanza wanakua na Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha mtaani na zote wanaongea, kuna kipindi wanachanganya kwenye sentensi moja na hiyo ni kawaida tu. Akisema neno la Kikerewe lihesabu, nalo ni neno. Mama mkwe wako mwache aongee lugha yake, ile anayotania nayo na kuimbia, maana ukimlazimisha Kiswahili kwa ajili ya mtoto ataishia kusema njoo, kaa, acha, basi.

Yaani mimi kwa hawa watoto wadogo ninaowafundisha sioni kipindi kizuri kama sikukuu. Kazi ni zilezile, nyimbo zilezile, salamu asubuhi mpaka jioni, neno moja mtoto analisikia mara nyingi huku kitu chenyewe anakiona na anakishika. Chukua tu ule mchele wa pilau. Wakati mnachambua usimfukuze, mkalishe kwenye mkeka na kisinia chake kidogo, kiganja kimoja cha mchele kinamtosha. Ukipata jiwe mwonyeshe, "jiwe", halafu "jiwe, tupa!" Lingine hivyohivyo. La tatu lishike, mtazame usoni, halafu nyamaza. Nyamaza kweli shoga, hesabu kimoyomoyo hata mpaka kumi, hapo ndipo watu wazima wengi tunashindwa tunamjibia mtoto kabla hajafungua mdomo. Akitoa "je" tu lipokee kwa furaha, "eeh, jiwe! jiwe gumu". Na usimwambie sema vizuri. Siku ya kuchinja akisema "kuku bia" we mrudishie, "eeh kuku anakimbia, anaogopa kisu", ameshaisikia sentensi nzima na hakuna aliyemkosoa.

Kinachoniudhi ni wageni. Mtoto anasimamishwa katikati ya sebule, sema shikamoo, sema, haya sema, hataki huyu ana kiburi, na mtoto anajificha kwenye gauni la mama. Usikubali. Wewe msalimie bibi kwa niaba yake ukiwa umemshika mkono, "shikamoo bibi", bibi aitikie marahaba, kwa Krismasi nzima ataisikia mpaka aizoee na siku yake ikifika ataitoa mwenyewe. Mambo ya zamu kama hayo ndo mazuri sana kwa umri wake. Usiku binamu zake wakikaa kwa hadithi muweke katikati yao, hadithi yenyewe hataielewa ila "paukwa" ikitoka na wenzake wote wakipiga kelele "pakawa" atajua kuna sehemu yake, hata akitoa "kawa" peke yake ni ushindi. Vitendawili pia, kazi yake iwe "tega!" tu. Nyimbo za Noeli mkiimba ukifika neno la mwisho la mstari kata, msubiri alimalizie.

Asubuhi mpeleke mwaloni dagaa wakianikwa, mtajie mtumbwi, kasia, wavu, aguse, anuse, halafu mpige picha. Jioni mziangalie hizo picha mkiongea, "tuliona nini? nani alikuwa kwenye mtumbwi?" Simu itumike kwa hilo, ila katuni zile za kumtuliza punguza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, mtoto wa mwaka mmoja asiangalie skrini kabisa na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Na tivii ya kwa bibi isiwake kutwa jamani, watu wanaacha kuongea na mtoto wanaangalia yenyewe.

Sasa hili lichukulie kwa uzito. Uliniambia alishawahi kutoka usaha sikioni. Mtoto asiposikia vizuri maneno yatatoka wapi? Kabla ya safari mpeleke apimwe masikio, usingoje Januari, maana akifika miaka miwili hajaanza kuunganisha maneno mawili, "maji taka", "baba enda", inabidi aonwe na mtaalamu, na ile ya "watoto wa kiume huwa wanachelewa" isikulaze. Kama huko foleni ndefu njooni mapema, hapa hospitali ya Bugando wana kitengo cha masikio, pua na koo tutaenda wote. Na kijijini kuna watakaokwambia ulimi umefungwa au akatwe kimeo ndo aongee. Kataa, hata kama ni mkubwa wa ukoo anasema, kataa kwa heshima lakini kataa. Kukata kimeo hakumfanyi mtoto aongee, na kule nyumbani kwa wembe anaweza kutoka damu nyingi au kupata maambukizi. Ya ulimi daktari aangalie mwenyewe.

Mkishuka stendi ya Nyegezi msihangaike na gesti, njooni mlale kwangu, kesho yake nawasindikiza kwenye meli ya kwenda Nansio, huko Ukerewe. Niambie tarehe mapema niagize sato, bei zinapanda sana wiki ile. Na majibu ya masikio nitumie siku hiyohiyo, hata usiku.

Msalimie baba Junior.

Ni mimi shoga yako wa Mwanza