Jenereta ikishafunguliwa garini, nani anaijibia?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jenereta za dizeli za magurudumu, zile zinazovutwa na pikapu au lori hadi kwenye mjengo au uwanja wa sherehe, zikafunguliwa na kuachwa zikinguruma mpaka shughuli iishe. Hapa Mombasa wikendi haipiti bila kuziona, iwe Kisauni, Tudor au Mji wa Kale, na baada ya umeme kukatika nchi nzima mwezi wa Agosti na tena Desemba mwaka wa 2023, nadhani ni wachache sasa wanaothubutu kufanya harusi kubwa kwa kutegemea stima peke yake. Malalamiko tunayoyasikia juu yake karibu yote ni ya kelele, nayo ni ya haki. Hata hivyo, kelele zimetushughulisha hadi tumesahau swali linalotangulia: tangu trela inapofunguliwa garini jioni hadi itakapofuatwa asubuhi, nani anaijibia?

Mimi ni fundi wa umeme, na utaratibu niuonao ni huu. Mwenye sherehe hukodi mahema, mapambo na muziki kwa mtu mmoja, na mtu huyo hukodi jenereta kwa mwingine. Mwenye jenereta humtuma dereva, ambaye huiegesha panapopatikana, huitia moto, humwachia kijana madumu mawili ya dizeli, kisha huenda zake. Nyaya huunganishwa na wapiga muziki. Ukiuliza waya wa ardhi, yaani ule unaounganisha mashine na udongo, uko wapi, mpiga muziki hukuelekeza kwa dereva, dereva kwa mwenye mashine, na mwenye mashine hukujibu kwa simu kwamba yeye hukodisha tu. Kwenye mjengo mlolongo ni huo huo, ila huko anayesukumiwa lawama ni mkandarasi mdogo.

Waya huo wa ardhi ndio unaonitia hofu kuliko kelele. Jenereta iliyosimama juu ya matairi ya mpira haijashikana na ardhi. Waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme kwenye mashine, usipofungwa kwenye fremu yake, na fremu yenyewe isipounganishwa na fimbo ya shaba iliyozama udongoni, hitilafu ya kwanza hupita bila mtu kuigundua, kwa sababu umeme haupati njia ya kurudi na ile swichi ya kinga ya miliampea 30, inayokata umeme unapovuja na ambayo watu huiamini kama hirizi, haina inachokipima. Taa zinawaka, muziki unalia, kila mtu ameridhika. Hatari hujitokeza hitilafu ya pili inapotokea kwenye waya mwingine, wakati ambapo nguzo ya chuma ya hema inaweza kuwa na volti 240 au zaidi huku watoto wakiishika juu ya nyasi zilizolowa.

Mombasa ina ugumu wake katika jambo hili. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na fundi anayepiga fimbo ya ardhi hugota mwambani mapema mno. Nimeona fimbo zilizolazwa juu ya changarawe na kufunikwa kwa jiwe, na nyingine zimechomekwa kwenye chungu cha maua ya mapambo, ili mradi pakiulizwa pawe na cha kuonyesha. Matumbawe makavu hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo moja fupi aghalabu haitoshi. Huhitajika fimbo kadhaa zilizoachana na kuunganishwa pamoja, mahali penye udongo wenye unyevu, na baada ya hapo kupima kwa kifaa kama zimeshikana na ardhi vizuri. Kupima huchukua dakika chache. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetakiwa kupima.

Nyutro hiyo hiyo huleta hasara nyingine, ambayo wapiga muziki wanaijua vyema ingawa si wote wanaojua chanzo chake. Jenereta nyingi kati ya hizi hutoa umeme kwa nyaya tatu zinazoitwa fezi, wenye volti 415 kati ya fezi na fezi, na 240 kati ya fezi na nyutro. Nyutro ikilegea kwenye kiungio, vyombo vilivyo kwenye fezi yenye mzigo mdogo hupokea volti nyingi kuliko vinavyostahimili, na papo hapo amplifaya na friji huungua. Watu husema stima ilizidi, wakamlaumu mwenye mashine, kumbe ni skrubu ambayo hakuna aliyeikaza. Hewa yetu ya chumvi nayo hula viungio hivyo kwa haraka, kwa hiyo mashine iliyokaguliwa mwaka jana haifai kuhesabiwa kuwa salama mwaka huu.

Niseme pia kuhusu ukubwa, maana hapa wakodishaji na wateja hudanganyana kwa hiari. Jenereta ya kVA 100, kipimo cha ukubwa kinachoandikwa kwenye mashine, hutoa takriban kilowati 80. Harusi yenye taa, feni, muziki na friji chache huenda isifikishe hata kilowati 20, lakini mteja huona fahari kusimamisha mashine kubwa, na mwenye nayo huona faida. Injini ya dizeli inayobeba chini ya theluthi moja ya uwezo wake usiku kucha haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na bomba la moshi huanza kutoa masizi na kutiririsha uchafu mweusi wa mafuta. Jenereta ndogo iliyobeba mzigo wake sawasawa ingekunywa dizeli kidogo na kutoa moshi mchache. Kwenye mjengo kosa huwa kinyume chake: wanaleta ndogo, wakisahau kwamba mota ya winchi inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaouhitaji ikishashika mwendo, halafu wanashangaa volti zinapoanguka na mashine za wenzao kuzimika.

Moshi huo si kero tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli mwaka wa 2012 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambamo dirisha la jirani liko umbali wa mkono, mashine huegeshwa ukutani na bomba likaelekea vyumba vya kulala. Mpwani hahitaji kufundishwa pepo. Anajua kusi inavuma miezi gani na kaskazi miezi gani. Ujuzi huo tunautumia kwa ngalawa na hatuutumii tunapoegesha jenereta.

Kuhusu kelele zenyewe, kanuni za mwaka wa 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira zimeweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku katika makazi. Jenereta yenye ganda la kuzuia sauti, ile inayosifiwa kuwa kimya, kwa kawaida hutoa kama desibeli 70 ukisimama umbali wa mita saba. Penye uwazi, sauti hupungua desibeli sita hivi kila unapozidisha umbali mara mbili, kwa hiyo hata mita 300 hazitoshi kufikia kikomo hicho. Kwa mtazamo wangu, kuishikilia namba hiyo peke yake kunatoa nafasi ya kuhongana tu. Afadhali kibali kieleze mashine isimame wapi, ukuta gani uikinge na izimwe saa ngapi.

Uwezo wa kufanya hivyo upo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele na uchafuzi wa hewa. Kibali cha sherehe na cha ujenzi hutolewa na kaunti, na mafundi wa umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Ninachopendekeza ni ukurasa mmoja kuongezwa kwenye kibali, utaje ukubwa wa jenereta na mzigo unaotarajiwa, mahali itakaposimama, kipimo cha waya wa ardhi, na jina la fundi mwenye leseni aliyetia saini na atakayepatikana kwa simu usiku ule. Nakala ibandikwe kwenye mlango wa mashine. Vivyo hivyo trela yenyewe ikaguliwe taa, mnyororo wa usalama na namba zake za usajili, kwa maana baadhi huvutwa gizani juu ya Daraja la Nyali bila hata kiakisi cha nyuma.

Najua nitaambiwa kwamba nawaongezea gharama wenye harusi za kawaida. Malipo ya fundi kwa jioni moja ni madogo ukiyalinganisha na bei ya amplifaya iliyoungua, na mara nyingi hufidiwa na dizeli inayookolewa kwa kukodi mashine ya ukubwa unaofaa. Kaunti inaweza kuanza na viwanja vya umma kama Tononoka, ambako ni rahisi kukagua, kabla ya kuingia mitaani.

Jenereta ndogo za petroli za vinyozi na wenye maduka sijazigusa hapa. Zina hatari zake, hasa zikiwashwa ndani ya chumba, lakini hizo angalau mwenyewe anajulikana.

Fundi wa umeme,
Kisauni, Mombasa