Mwanangu, ukinyamaza huko nani atajua?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, babako anakusalimu, na nyanyako anauliza kila asubuhi kama umeshaondoka. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa mama" kabla sijamaliza kusema, na jambo hili halitaki "sawa mama".

Dadako ndiye aliyeniambia kuwa tiketi ya Penang, huko Malaysia, umeshaikata. Mimi niliyekuzaa habari nimeipata jikoni, nikipepeta mchele. Hilo nimelimeza. Nisiloweza kulimeza ni hili: kila nikikuuliza, ukinyamaza huko ni nani atakayejua, unanijibu kuwa intaneti ya huko ni nzuri. Mimi sikuuliza habari ya intaneti.

Babako alipokuwa baharia tulikaa miezi bila kusikia sauti yake, na nilikuwa nalala. Nilikuwa nalala kwa sababu melini kuna watu wanaohesabu watu. Zamu yake ikifika naye hajatokea, mtu anateremka kumgongea mlango. Wewe kazi yako ni ya kwenye laptopu, bosi wako yuko Berlin, chumba chako Penang, na wenzako kila mmoja na nchi yake. Wanachokiona ni ile alama ya kijani kwenye kioo cha kompyuta, ya kusema upo. Ikizimika watasema labda umeme umekatika, labda amelala, labda saa zimepishana. Watangoja kwa adabu siku nzima, na ya pili yake watakutumia barua pepe. Mtu mwenye homa kali hajibu barua pepe.

Na homa ndiyo hasa ninayoisemea. Ya mwaka 2017 unayajua mwenyewe, sina haja ya kuyarudia. Dengi iko Malaysia kama ilivyo hapa Mombasa, mbu ni yule yule anayeuma mchana, na virusi vyake ni vya aina nne. Kuugua kule kulikukinga na aina ile moja. Ukipatwa na aina nyingine, ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Tena hatari yenyewe mara nyingi huja pale homa inaposhuka, wakati mgonjwa anajiona amepona. Ndiyo saa hiyo utakayonitumia ujumbe "nimepata nafuu mama" kisha ujifungie ulale. Kwa hiyo sikiliza: homa ikikushika usimeze brufen wala aspirini. Panadol, maji kwa wingi, na uende ukapimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama una mkutano. Tumbo likianza kuuma sana, au ukitapika bila kukoma, au ukaona damu kwenye fizi, piga 999. Namba hiyo ni ya huko pia.

Dadako amenionyesha picha za ile nyumba uliyoipenda. Ni safi, sikatai, na meza ya kufanyia kazi ipo. Lakini ameniambia ufunguo unakaa kwenye kijisanduku cha namba mlangoni, unabonyeza, unaingia, unakaa mwezi mzima, unatoka, na mwenye nyumba hujamwona uso. Wewe umeipendea hapo. Mimi nimeichukia hapo. Tafuta chumba penye mtu, hata kikiwa kidogo, hata kama huyo mama mwenye nyumba anauliza maswali. Na kabla hujalipa mwezi mzima, lipia siku mbili tatu kwanza, ujaribu intaneti saa zile utakazofanya kazi, maana asubuhi watu wakiwa makazini kila intaneti ina kasi.

Hizo saa zako nimekaa na babako tukazipigia hesabu. Penang iko mbele yetu kwa saa 5, na Berlin wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa 2. Wao wakianza saa tatu asubuhi, kwako ni saa kumi jioni. Wakifunga saa kumi na moja, wewe unafunga saa sita usiku. Jumapili ya mwisho ya Machi Wajerumani watasogeza saa zao mbele, ndipo utamaliza saa tano. Maana yake jirani anatoka asubuhi wewe umelala, anarudi jioni wewe umefunga mlango uko mkutanoni. Unaweza kukaa jengo moja na watu mia, wasijue hata jina lako. Hili ulilifikiria?

Saa sita yako ya usiku kwetu ni saa moja, nimeshaswali Magharibi. Hapo ndipo nitakapotaka sauti yako, hata ikiwa ni neno moja. Usinitumie kile kidole gumba, dadako anaweza kukituma kwa niaba yako na mnanijua kuwa nitaamini. Siku nisiyoisikia, nitangoja kupambazuke huko kwenu, hata kwetu ikiwa saa tisa ya usiku, nimpigie mwenye nyumba. Ndiyo maana nataka namba yake kabla hujamlipa.

Nimesoma kuwa katikati ya George Town, mji mkuu wa huko Penang, kuna Masjid Kapitan Keling, msikiti wa zamani uliojengwa na wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi. Ijumaa swala ya adhuhuri hutakuwa kazini, huna kisingizio. Nenda kila Ijumaa, ukae upande ule ule, usalimiane na wa kulia na wa kushoto. Chakula nacho, usile leo hapa kesho kule kama mtalii. Wali wao wa nazi upo, na ule wa mchuzi wanaouita nasi kandar utakufaa wewe usiyeshiba mkate. Chagua muuzaji mmoja, ule kwake kila siku kabla ya kazi, akujue unavyopenda pilipili. Ijumaa usipoonekana, au sahani yako isipochukuliwa siku mbili, kuna mtu atakayeuliza. Hao ndio watu ninaowataka, na hawapatikani kwenye programu.

Sasa karatasi. Uliniambia utaingia kama mgeni wa matembezi "halafu tutaona". Tutaona nini? Wana kibali chao kinaitwa DE Rantau, walikianzisha mwaka 2022 kwa watu wa kazi kama yako, cha miezi 3 hadi 12, na kinaweza kuongezwa. Kwa watu wa teknolojia wanataka mapato ya zaidi ya dola 24,000 kwa mwaka. Nimeona mkataba wako, yanafika. Omba, lipa, ungoje, hata kama safari itasogea. Mtu asiye na karatasi iliyonyooka akiugua anaogopa hospitali, akiibiwa anaogopa polisi, akinyamaza ndiyo kabisa. Hesabu pia siku zako, maana ukifika siku 182 ndani ya mwaka wao wa kodi unakuwa mkazi wao, na watu wa kodi wa hapa, KRA, nao wanataka ritani yako kabla ya Juni 30 uwe uko wapi.

Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, iko kwangu, kwenye mfuko wa vyeti vyako. Malaysia wanaidai kwa mtu anayetoka Kenya. Tangu mwaka 2016 chanjo ile ni ya maisha, usikubali mtu akuuzie nyingine. Ile fomu yao ya kuingilia inajazwa kwenye mtandao ndani ya siku 3 kabla ya kufika, nayo ni bure. Mpwa wa jirani yetu alilipa pesa kwa tovuti ya matapeli iliyofanana na ya serikali. Pawabenki iingie mkoba wa mkononi pamoja na laptopu, usiitie kwenye sanduku. Plagi zao ni za pini tatu bapa kama zetu, basi adapta ile babako aliyokununulia iache, atairudisha dukani.

Bima usome yote, hasa panapoandikwa pikipiki. Nyingi hazilipi ukianguka bila leseni wanayoitambua, na najua utakodi pikipiki. Laini yako ya hapa hakikisha imefunguliwa kutumika nje kabla hujapanda ndege, kwa sababu namba za siri za benki zinakuja kwenye laini hiyo. Ikikufia huko, pesa zako utaziona kwenye kioo tu. Ubalozi wetu uko Kuala Lumpur, kilomita kama 350 kutoka Penang, ni mbali, lakini waandikie ukifika, jina lako na namba yangu. Wawe nayo.

Usidhani sioni unachofanya. Karo ya dadako umeibeba wewe, dawa za presha za babako wewe, na hii waifai wanayoifaidi hata watoto wa jirani ni wewe. Siku hizi wanawake wakiniuliza kwenye maulidi kijana wako anafanya kazi gani, najibu palepale, sisiti. Nakwambia haya ili ujue sikuzuii. Babako alikwenda, mjombako alikwenda, nawe utakwenda. Ila wao walikwenda mahali palipokuwa na mtu wa kuwahesabu.

Maji hayajatoka wiki hii. Tunanunua ya mkokoteni, na lile boya la tangi limevunjika, hata yakija yatamwagika usiku kucha. Ukija Jumamosi pitia dukani ulinunue, la nusu inchi, la shaba, hayo ya plastiki hayakai. Dari ya chumba chako inavuja pale juu ya kabati, nguo zako nimezihamishia kwa nyanyako. Uzitazame, usizozitaka tuwape watoto wa mjombako, wanakua haraka.

Na usije mikono mitupu kwa hili: njoo na jina na namba ya mtu mmoja wa Penang. Mwenye nyumba, jirani, Mkenya mwenzako, yeyote mwenye miguu ya kuja mpaka mlangoni kwako akagonga. Bila hiyo ile kadi ya manjano sikupi.

Mamako