Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mzee anayesahau hafiki dirishani

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, na pole kwa majukumu.

Dirisha maalumu la kuwahudumia wazee hospitalini ni jambo jema na tunalishukuru. Lakini linamfaa mzee anayeweza kufika, akakaa kwenye benchi, akataja jina lake na kueleza panapomuuma. Mzee mwenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hawezi hayo. Yeye haumwi. Ukimuuliza atakuambia yuko salama kabisa, wenye matatizo ni ninyi mliomleta.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa, wilayani Hai. Siku hizi jua likianza kuzama anatafuta kofia: kahawa ya watu inamngoja na chama kitafungwa. Ukimzuia anakuwa mkali. Ukimwambia alishastaafu, anakuita mwongo. Wifi yangu ndiye aliyepata dawa: anamwambia gari la kahawa limeharibikia njiani, litafika kesho. Mzee anaguna, anakaa, anakula. Hakuna daktari wala muuguzi aliyemfundisha wifi ujanja huo.

Barua hii naiandika kwa ajili yake. Kwetu Uchagani kitinda mimba hubaki kihambani, yaani kwenye shamba na nyumba ya ukoo, pamoja na wazazi, na mkewe ndiye anayewatunza. Wifi alikuwa na genge la mboga, amelifunga, maana mtu anayewasha jiko la gesi kisha akatoka zake shambani huwezi kumwacha peke yake. Usiku halali kwa sababu baba halali. Sisi tulioko mjini tunatuma hela na ushauri, na ushauri ndio mwingi. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ndio wanaotoa asilimia 70 ya saa za kuwahudumia watu wenye demensia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta matumaini, lakini kazi kubwa ya ugonjwa huu inafanyika jikoni na chooni, saa nane za usiku, wala haina risiti.

Kituo tulichompeleka kwanza tuliambiwa "huo ni uzee tu", tukarudi nyumbani na vidonge vya vitamini. Mheshimiwa, hilo ndilo jibu linaloniuma kuliko yote. Wazee wengi wanafika miaka 80 na kumbukumbu zao. Na wapo wanaochanganyikiwa kwa sababu zinazotibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, maambukizi kwenye njia ya mkojo, sonona, au dawa zinazogongana mwilini. Ukisema ni uzee tu, hao nao umewafungia mlango.

Hospitali isipotoa jibu, mtaa utatoa. Kwetu majirani walisema mzee kachezewa, tukaishia kwenye maombi. Kanda ya Ziwa yametokea makubwa zaidi: vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu ya moshi wa kuni. Bibi anayekutwa usiku nyuma ya nyumba ya mtu, asiyeweza kueleza alifikaje pale, atajiteteaje?

Tutaambiwa vipimo ni ghali. Kwa hatua ya kwanza, hapana. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji vya Hai wakapima wazee zaidi ya elfu moja wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta zaidi ya 6 katika kila 100 wana demensia. Utafiti huo ulifuatiwa na kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, chenye maswali 6, kilichotungwa ili hata asiyejua kusoma aweze kukifanya. Mzee anaulizwa: daraja ni nini? Leo ni siku gani? Taja wanyama wengi kadiri uwezavyo kwa dakika moja. Panga njiti za kiberiti kama nilivyozipanga mimi. Kiberiti, Mheshimiwa! Mzee akishindwa, ndipo apelekwe kwa daktari.

Hukohuko Hai vilijaribiwa vikundi vya wazee wenye demensia: mazungumzo, nyimbo na michezo, kwa wiki 7, na hali zao zikaonyesha nafuu. Dawa ya kuponya demensia haijapatikana popote duniani, lakini hayo yanawezekana kwenye ukumbi wa kijiji.

Ombi langu ni moja. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wanaingia majumbani kwetu na wanazijua familia kwa majina. Naomba mafunzo yao yawe na somo la demensia: kukitumia kipimo hicho, kumwelekeza mlezi namna ya kuongea na mgonjwa bila kubishana naye, kuzijua dalili za kumkimbiza hospitali, na kumuuliza mlezi mwenyewe kama amelala. Hilo la mwisho lisiachwe. Wifi yangu ana shinikizo la damu, na hakuna aliyejua mpaka alipoanguka akiwa kisimani kuchota maji.

Kama wizara itaona ni vema kuanza na wilaya chache, naomba Hai iwe mojawapo. Kipimo kilizaliwa huku, na walezi wa kukaa na wahudumu darasani na kuwasimulia tunayoyaona kila jioni wapo. Wifi ameshasema atakuja, mradi siku hiyo apatikane mtu wa kukaa na mzee.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Binti wa karani wa mizani
Hai, Kilimanjaro