Barua kwa Athmani: Takwa jioni, na hesabu ya maji

Langoni, Lamu
Jumapili, baada ya isha

Ndugu yangu Athmani,

Assalaam aleikum. Natumai uko salama huko Mombasa, wewe na mama watoto, na wakwe zako wameshaanza kuzitoa kanzu za safari kabatini. Huku ni wazima, joto tu ndilo linatutia adabu.

Umesema unataka kuwapeleka watu tisa Takwa, ule mji wa kale uliobaki magofu kisiwani Manda, jioni, peke yenu bila msururu wa wageni wengine, na umechagua Ijumaa ya mwezi mpevu ili mbalamwezi iwamulikie magofu. Wazo zuri. Siku ndiyo mbaya.

Takwa haiendewi kwa kalenda ya ofisi. Kutoka gatini Lamu mnavuka mlango wa bahari mpaka upande wa Manda, kisha mnaingia hori jembamba lenye mikoko kushoto na kulia, na hori hilo ndilo linalowafikisha kwenye magofu. Maji yakijaa, boti inapita bila taabu. Yakipwa, hubaki tope, mizizi na kamfereji ka kupitisha kaa. Kwa hiyo kabla ya kumpigia nahodha, kabla ya kununua tiketi ya basi, kabla hata ya kuwaambia wakwe, hesabu maji.

Unajua maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kama dakika 50 kwa wastani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, husogea pungufu ya hapo, siku za maji mafu, za nusu mwezi, huzidi. Mwezi ukiwa mpevu, maji ya jioni huku kwetu hujaa kati ya saa 10 na saa 11. Tuseme Ijumaa yako yamejaa saa 10 na nusu. Mwezi ndio kwanza unachungulia mnamo saa 12 na nusu, na wakati huo maji yana saa mbili tangu yaanze kutoka. Mkikaa saa moja tu kuutazama, mtaikuta boti imelala ubavu topeni, na haitaelea tena mpaka saa 8 au 9 za usiku. Hapo umekaa na mama mkwe kati ya mbu, huna la kumwambia.

Tena bamvua ina hila yake. Hujaa sana, lakini hukimbia sana. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hufika karibu mita 3, nayo hayashuki sawasawa. Gawa hizo mita 3 kwa 12: saa ya kwanza huondoka sehemu moja, yaani sentimita 25, saa ya pili sehemu mbili, sentimita 50, saa ya tatu sehemu tatu, sentimita 75, na ya nne vivyo hivyo. Mtu akitazama saa ya kwanza huona maji yamesimama, akaagiza kahawa nyingine. Ile saa ya tatu ndiyo inayowakamata watu. Kanuni yangu ni saa moja na nusu kabla ya maji kujaa na saa moja na nusu baada yake, basi. Nje ya hapo sikupeleki, na nahodha anayekwambia “hamna shida” muulize boti yake inataka kina gani.

Kwa hiyo sogeza safari siku mbili, iwe Jumapili. Maji yatajaa karibu na saa 12 jioni, jua litazama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na nusu na kidogo kwa kutegemea mwezi wa mwaka, na mwezi utachomoza mnamo saa 2 usiku. Maana yake magofu mtayaona kwa mwanga wa machweo, mtakaa kidogo gizani na taa zenu, kisha mbalamwezi itawakuta mkitoka horini kurudi mjini. Mimi naona ni bora hivyo: mbalamwezi juu ya maji tulivu ina faida kuliko mbalamwezi juu ya mawe ambayo hujui wapi yamebomoka. Jumatatu muombe ruhusa kazini.

Kama Jumapili haiwezekani kabisa, subiri siku ya kwanza baada ya mwezi kuandama. Maji hujaa karibu saa zile zile za jioni, na kuna hilali upande wa magharibi. Lakini usikubali siku za nusu mwezi. Hizo ni siku za maji mafu, na saa 11 jioni maji huwa yamepwa. Saa kamili zithibitishe kwenye jedwali la maji la Lamu, na uangalie limeandikwa kwa saa 24: 18:00 ni saa 12 yetu. Wako wasomi waliokosa safari kwa kosa hilo.

Sasa ruhusa. Takwa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na saa za kawaida za kutembelea ni za mchana. Kukaa baada ya jua kutua huombewa ruhusa. Andika barua fupi kwa msimamizi wa makumbusho hapa Lamu, angalau wiki mbili kabla, utaje tarehe, idadi ya watu, wangapi ni raia na wangapi si raia maana viingilio vinatofautiana, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kwamba hamtapika wala kupiga muziki. Ombeni mlinzi wa pale abaki nanyi, na posho yake ya muda wa ziada mkubaliane mapema, siyo kumwekea noti mkononi gizani. Ukishapata jibu lichapishe kwenye karatasi. Simu huishiwa chaji.

Pia nahodha apige ripoti polisi kwamba kuna boti itakuwa majini usiku, na watu wangapi. Unakumbuka Lamu iliwahi kupigwa marufuku hata kuvua usiku kwa sababu ya usalama. Kama kuna amri yoyote wiki hiyo, safari imekufa, usijaribu kubishana nayo.

Kuhusu chombo. Wakwe watataka jahazi la tanga kwa picha. Wape, lakini liwe na mashine, maana ndani ya hori mikoko huzuia upepo na tanga linaning'inia kama nguo kambani. Kwa mashine ni kama dakika 30 hadi 45 kutoka gatini. Kwa tanga hutajua. Watu tisa, nahodha na mabaharia wawili ni 12. Ziwepo jaketi za kuokolea 12 zenye mikanda mizima, na kama kuna mtoto, yake iwe ya kimo chake. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani akianguka. Kagua mwenyewe mchana ule, usingoje saa ya kupanda. Ndani ya chombo kuwe na upondo wa kusukumia, makafi mawili, nanga yenye kamba ya kutosha, mafuta ya kwenda na kurudi na nusu yake tena, plagi ya akiba, kisu cha kukata nyavu zinazojizungusha kwenye panga la mashine, na tochi mbili kubwa. Baharia mmoja akae omoni, mbele ya chombo, na tochi wakati wa kurudi. Hatari ya hori usiku ni magogo na mizizi. Mawimbi hayafiki kule.

Bei mkubaliane kwa safari nzima: kwenda, kungoja, kurudi, mafuta ndani. Toa nusu, nusu nyingine mkirudi gatini. Na sharti moja liseme wazi mbele ya mashahidi: nahodha haondoki chomboni. Mkishashuka, akisogeze pale penye kina katikati ya hori na atie nanga. Akikiacha kimefungwa kando, maji yakishuka kinakaa juu ya tope hata kama katikati bado panapitika.

Jioni yenyewe iende hivi, ikiwa maji yanajaa saa 12 kamili. Alasiri salini mjini, kisha moja kwa moja gatini. Saa 10 na robo chombo kinaondoka. Wewe waambie wenzako saa 9 na nusu, unawajua. Saa 11 mnashuka Takwa. Saa 1 na nusu usiku mtu wa mwisho awe ameshapanda. Hiyo ya mwisho ndiyo saa pekee isiyojadiliwa.

Mkishuka anzeni na msikiti wa Ijumaa. Mji ule uliishi karne ya 15 mpaka ya 17, ukazungukwa na ukuta, nyumba zake nyingi zikielekezwa kaskazini, upande wa kibla chetu. Msikitini watazame ile nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Sijui msikiti mwingine unaowafanya watu wanyamaze namna hiyo. Kisima na birika la kutawadhia viko pale pale. Wageni watauliza kwa nini watu walihama. Wengi husema maji ya visima yaliingia chumvi, wakavuka kwenda Shela, huku kisiwani Lamu. Useme hivyo, usiongeze majini na laana kama wanavyofanya wanaotafuta bakshishi.

Kisha nyumba, na kaburi la nguzo kabla giza halijashika. Kaburi hilo lina maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, mwishoni mwa karne ya 17. Ukilimulika kwa mbele huoni kitu. Shika tochi ubavuni, karibu kabisa na ukuta, mwanga uparaze jiwe, na herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Watu wa Shela bado huja kulizuru na kuomba mvua, kwa hiyo mkeka wa chakula usitandikwe karibu, na vicheko vipungue. Asiwepo wa kupanda juu ya ukuta wowote kwa ajili ya picha. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Juu huonekana nzima, ndani chokaa imeshakuwa unga, na jiwe moja likitoka huteremka na jirani zake.

Magharibi mtasalia huko. Bebeni mikeka na jerikeni la lita 20 kwa udhu peke yake, msitegemee kisima. Maji ya kunywa hesabu lita 2 kwa kila mtu, na ya akiba lita 5, kwa ajili ya lile tope tuliloapa hatutakutana nalo.

Taa za mkononi zenye betri, moja kwa kila watu wawili, na kandili mbili za betri za kuweka chini njiani. Mishumaa hapana. Nta inaingia kwenye lipu haitoki, moshi unatia weusi, na majani makavu chini ya mibuyu yanangoja cheche tu. Kwa sababu hiyo hiyo jiko la makaa libaki nyumbani.

Chakula kipikwe mjini, kiwe kikavu. Usibebe samaki wa kupaka wala wali wa nazi: sufuria ikifunikwa ingali moto, ikatikiswa saa tatu kwenye joto hili, nazi inachacha, na usiku wenu utaishia kwingine. Sambusa nne kwa kila mtu, kwa hiyo 36, fanya 40. Mkate wa mofa, samaki wa kukaanga aliyeachwa apoe vizuri kabla ya kufungwa, tende, halua, chupa mbili za kahawa ya tangawizi za lita 2 kila moja. Mifuko miwili ya taka, na kila mfupa urudi Lamu.

Nguo: mikono mirefu na viatu vya kufunika vidole, kwa wanawake na wanaume. Jua likizama usubi hutoka mikokoni kabla ya mbu, ni wadogo huwaoni, na huuma kwenye vifundo vya miguu. Dawa ya mbu mpake saa 11 na nusu, msingoje kuanza kujikuna. Na mtu asishuke majini peku hata kama ni kina cha goti. Chaza walioshika mizizi hukata kama wembe.

Miezi ya kusi, hasa Mei mpaka Julai, mngeniona nikikataa barua yote hii. Mvua, na mlango upande wa Shela huchafuka alasiri. Kaskazi ikituliza, Januari mpaka Machi, ndio wakati.

Kuhusu mama mkwe na goti lake: kupanda na kushuka ndiko kugumu, njia yenyewe si kitu. Nahodha aje na kiti cha plastiki na ubao mpana, mabaharia wawili wamshike kwa mikono, wasimbebe kama gunia. Akisita gatini, msimlazimishe. Mpelekeni kwenye magofu ya Gede siku nyingine, kilomita 16 tu kusini mwa Malindi, gari linafika karibu na lango, na hakuna maji ya kuhesabu.

Nitumie kabla ya Jumatano idadi kamili, wangapi ni watoto na uzito wao wa kukadiria, ili nizungumze na nahodha kuhusu jaketi. Na unijibu neno moja: Jumapili, au la?

Wasalaam,
nduguyo Bakari