Vikao vya sulhu visitulie miezi yetu 12

Mhariri,

Assalaam aleikum. Kaka yangu ni nahodha wa boti ya abiria hapa Lamu. Mwaka juzi alisingiziwa kuiba mashine ya boti. Jina lake halikutajwa: ujumbe uliozunguka WhatsApp ulisema "yule nahodha mrefu wa boti ya kijani, Langoni". Watu wa gatini hawakuhitaji jina. Wenye nyumba za wageni kule Shela waliokuwa wakimpa kazi wakaacha kumpigia simu. Mashine ikaja kuonekana kwa fundi, ilikopelekwa na mtoto wa mwenyewe.

Tulifanya kama tulivyolelewa. Wazee wakaitwa, wakakaa. Ikaingia Ramadhani, vikao vikasogezwa. Yakaja Maulidi, vikasogezwa tena. Aliyezua akaahidi kuomba radhi mbele ya watu, hakuomba. Tulipofika kwa wakili, aliuliza ujumbe ulitumwa lini, akahesabu, akatuambia tumechelewa. Sheria ya muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, humpa aliyeharibiwa jina miezi 12 tu. Aliyeumizwa kwa uzembe barabarani ana miaka 3. Hatukulijua hilo, na linaniuma mpaka leo.

Sulhu siilaumu. Radhi iliyoombwa hadharani pale uwanja wa Mkunguni ingemfaa kaka yangu kuliko fidia. Ninachoomba ni kwamba siku wazee wanapokaa kikao cha kwanza, jamaa wa aliyesingiziwa wawe wameshamwona wakili. Barua ya kumtaka mtu akanushe na aombe radhi haivunji udugu. Uongo ndio uliokwisha kuuvunja.

Tulipotea njia pia. Wapo waliotuambia twende polisi akamatwe. Kifungu cha 194 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya kuharibu jina kuwa jinai, Mahakama Kuu ilikibatilisha Februari 2017. Siku hizi ni kesi ya madai, chini ya sheria ya kuharibu jina, Sura ya 36. Wengine wakasema twende kwa Kadhi, lakini Katiba imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mahakama ya madai madogo nayo imekatazwa na sheria yake kusikiliza kesi za aina hii. Tulipaswa kwenda kwa hakimu wa kawaida.

Na huko huendi na uchungu peke yake. Lazima neno liwe limemfikia mtu wa tatu. Ukitukanwa mkiwa wawili, umetukanwa, jina halijaharibika. Lazima wanaokujua wafahamu kuwa ni wewe. Tena atakiwa shahidi asiyekuwa wewe, aseme alisikia na heshima yake kwako ikapungua. Ujumbe wa simu uhifadhiwe na tarehe yake, kwa sababu korti hutaka hati ya kuthibitisha ulivyotolewa kwenye simu. Aliyesema naye ana haki zake: akithibitisha kuwa ni kweli, kesi imekwisha, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Anayetoa maoni ya haki juu ya jambo la umma analindwa. Anayepiga ripoti polisi kwa nia safi analindwa pia. Mwenye mashine angepiga ripoti kituoni, nisingekuwa na neno naye.

Wanaonisikitisha zaidi ni waliousambaza. Nimewauliza, nao ni jirani zetu, watu wa swala. Wote wananijibu, "Nilituma kama nilivyopokea." Jibu hilo haliwakingi. Anayerudia uongo ameutangaza upya, na anaweza kushtakiwa kama aliyeuanza.

Naomba mawakili wanaokuja kusimamia kesi hapa Lamu watenge jioni moja, baada ya Alasiri, wakae Mkunguni na watu wawaeleze haya. Viti tutatoa sisi wa Langoni.

Dada wa nahodha,
Langoni, Lamu.