Transista ya 8,000, bili ya 90,000

Lawama kwamba bili zetu ni kubwa tumeizoea, ila safari hii ilitolewa mlangoni mwa karakana yetu ya TV, hapa Tororo, Uganda, risiti imeinuliwa juu hadi wakaanga chapati wa ng'ambo ya barabara wakaiona. Mwenye kibanda cha video alikuja kuchukua TV yake ya kichogo, inchi 21, akakuta bili ya shilingi 90,000. Fundi wa kwanza alimtoza 20,000 kwa kubadilisha transista. "Kwani nyinyi mnauza transista za dhahabu?" akauliza. Hatukubishana naye mbele ya watu. Tunajibu hapa, maana wenye mawazo kama yake ni wengi.

Ile transista ya fundi wa kwanza ilidumu siku mbili. Mwenye kibanda aliporudi kwake akawekewa nyingine, ikafa jioni ileile katikati ya filamu, na watazamaji wakadai pesa zao.

Transista ya horizontali, ile kubwa iliyobanwa kwenye bati la kupoozea, D1555 na ndugu zake, haifi bure. Kazi yake ni kuwasha na kuzima flaibaki mara 15,625 kwa sekunde, na flaibaki ndiyo transfoma inayopandisha umeme hadi volti 25,000 hivi kwenye TV ya rangi. Ukiikuta imepiga shoti, tafuta kilichoiua: flaibaki ambayo nyaya zake zimegusana ndani, kapasita (kifaa kinachotunza chaji) ya laini ya B+, yaani umeme mkuu wa ndani ya TV, iliyokauka, solda iliyopasuka kwenye transfoma ndogo ya draiva inayoisukuma transista, au ile kapasita ya volti 1,600 iliyo jirani na kolekta, mguu wa transista unaokwenda kwenye flaibaki. Kuiwekea TV transista mpya kabla ya hapo ni kununua sanda ya pili.

Kwenye TV ya kibanda, muuaji alikuwa hiyo kapasita. Kuna mtu aliiona imechubuka akaweka nyingine ya umbo lilelile, lakini ya volti 400, iliyong'olewa kwenye saketi ya kawaida. Pale hupita mapigo ya zaidi ya volti 1,000. Ilipochomeka na kukatika, volti za flaibaki zikapanda kupita kiasi, flaibaki ikapasuka ubavuni, na transista ikaondoka nayo. Mahesabu yetu basi: flaibaki 45,000, kapasita na transista 15,000, kazi 30,000. Transista yenyewe tuliiandika 8,000. Risiti inasomeka, asome yeyote.

Na msituambie flaibaki zote ni moja kwa sababu miguu inalingana. Namba iliyochapwa ubavuni, mara nyingi huanza na herufi BSC, ndiyo tunayoifuata. Flaibaki ndiyo inayotoa pia volti 6.3 za kuwasha hita ndani ya shingo ya tyubu, yaani kile kioo kikubwa cha picha. Ukifunga ya TV nyingine, hita yaweza kupata umeme mwingi mno ikakatika, na tyubu mpya za TV za nyumbani hazitengenezwi tena. Ndiyo maana wakati mwingine tunakuomba usubiri spea kutoka Kampala, au tuing'oe kwenye TV iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Hatuchelewi kwa uvivu.

Sasa njia ya mkato inayotukera kuliko zote: mpira wa tyubu ya baiskeli. Flaibaki ikianza kufanya "ssss" gizani, na harufu kali kama ya hewa baada ya radi, mtu anaizungushia kipande cha mpira, anafunga na selotepu, kelele zinanyamaza, anafurahi. Mpira ule mweusi umechanganywa na kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Volti 25,000 zinajichimbia njia humo polepole hadi zifike kwenye bodi. Tumefungua TV ambayo bodi yake ilikuwa imegeuka mkaa upana wa kiganja, wakati ufa wa mwanzo ulikuwa mwembamba kama unywele. Vumbi la mji huu halisaidii. Waya wa volti kubwa hulivuta na kujipaka, na mvua za Machi hadi Mei zikilainisha vumbi hilo, umeme hupata barabara.

Mzee mmoja wa kijijini alituletea TV ndogo ya nyeupe na nyeusi, zile zinazotumia betri ya gari. Alikuwa ameshaifungua mwenyewe. "Mwanangu, ni volti 12 tu, zitanifanya nini?" Shikamoo mzee, lakini volti 12 zinaishia kwenye waya wa betri. Nyuma ya kioo bado kuna zaidi ya 10,000. Alikuwa na bahati kwamba hakugusa kile kikombe cha mpira kinachofunika mahali waya wa volti kubwa unapoingia kwenye tyubu.

Kijana wa jirani hakuwa na bahati hiyo. Alichomoa TV ukutani jana yake, akaona imelala salama, akaingiza kidole chini ya kikombe. Kioo cha tyubu hutunza umeme kama kapasita hata plagi ikiwa mfukoni mwako. Mshtuko haukumuua. Mkono uliruka, kiwiko kikagonga shingo ya tyubu, hewa ikaingia fyuu, na TV ikawa sanduku. Hatukuweza kumtoza hata shilingi, hakukuwa na cha kutengeneza.

Kwa hiyo 30,000 ya kazi ina hili ndani yake: bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki, waya uliobanwa kwenye ule msuko wa athi unaokumbatia mgongo wa tyubu (si kwenye bodi!), kutoa umeme, kusubiri, kisha kuutoa tena, kwa sababu tyubu hujirudishia chaji kidogo ikiachwa. Halafu kapasita kubwa ya pawasapulai, ambayo kwa umeme wetu wa volti 240 hubeba volti 340 hivi. Halafu balbu ya wati 100 kwenye laini ya umeme unaoingia TV, ili kama bado kuna shoti iwake balbu badala ya kuungua spea yako. Fundi anayewasha moja kwa moja anamaliza mapema, ndiyo.

Si kila TV ni flaibaki, na hatutakudanganya. Picha ikiwa na ukungu asubuhi kisha ikajisafisha yenyewe baada ya muda, mara nyingi ni soketi ya shingo ya tyubu iliyoingia unyevu. Hiyo ni 15,000 pamoja na kazi, unasubiri kwenye benchi.

Kuangalia tu ni 10,000, inakatwa kwenye bili ukikubali kazi. Spea ya zamani tunakupa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki). Kazi ya flaibaki ina dhamana ya miezi mitatu, isipokuwa radi, au tukikuta sili yetu imekatwa. Ukileta TV, usifungue kifuniko, na umwambie dereva wa bodaboda aibebe kioo kikielekea mgongo wake. Ijumaa tunafunga saa sita hadi saa nane.