Nimeoga Kwenye Mto Wetu

Morogoro, 9 Julai

Shoga yangu Mama Nasra,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila nimerudi na mafua ya Moshi yasiyokwisha, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Sauti imekauka, nikisema neno nakoroma kama pantoni bovu. Halafu haya mambo kwa simu hayanogi, salio linakatika katikati ya utamu.

Uliniuliza mawili: harusi ilikwendaje, na ile safari ya maporomoko niliyokutumia picha inamfaa mtu mwenye goti bovu au laa. Harusi nitakuhadithia tukionana, maana ina mengi na mengine si ya kuandikwa. Nikwambie tu mtoto wa kaka kapata mke, Mchaga wa Uru, mpole, na wakwe walitupokea vizuri mno. Mtori tulikula mpaka tukaogopa kulala chali. Sasa twende kwenye maji.

Siku ya tatu baada ya harusi, mimi na wifi na wale mabinti wawili tukasema haiwezekani tufike Moshi turudi na picha za ukumbini tu. Mlima wenyewe ulikuwa haujatuonyesha hata kidole, umejifunika gubigubi tangu tuingie. Wenyeji wanasema Juni na Julai ndivyo ulivyo. Tukakodi Noah yenye dereva na kiongozi kwa kampuni moja pale mjini. Asubuhi maporomoko ya Materuni na kahawa, mchana chakula, jioni chemchemi ya Chemka. Tukalipa, tukaambiwa kila kitu kimo. Kufika kijijini, kiingilio cha kijiji hakimo! Wifi yangu unamjua. Alishuka garini taratibu, akafunga kanga kiunoni, akamuuliza dereva, "Hiki kimetokaje kwenye kila kitu?" Dereva wa watu hana kosa, katumwa tu. Tukalipa tena. Kwa hiyo wewe ukipanga uliza kimoja kimoja, kiingilio cha huku, cha kule, kahawa, chakula, mpaka maji ya kunywa. Na sema mapema kuwa ni mwananchi, bei ni mbili.

Materuni ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini, ila zote za kupanda. Unaiacha Moshi na vumbi lake, unaingia kwenye migomba, na ukishaingia hutoki tena. Shamba la nyumbani wao wanaliita kihamba. Juu kabisa miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi, na ng'ombe yuko bandani anakatiwa majani analetewa mdomoni kama mzazi. Makaburi ya wazee yamo humo humo. Mpakani wameotesha isale, mmea wa majani marefu membamba, na mtu akitaka kuomba msamaha hulibeba hilo. Kiongozi wetu akasema ukishaletewa isale, kukataa ni aibu kubwa. Wifi akajibu, basi wale wa kampuni watuletee mzigo mzima.

Kitu kilichonisimamisha njiani si maporomoko, ni mfereji. Upana wake kama beseni la kufulia, unapita kando ya njia, maji safi yanakwenda mbio kama yanachelewa. Wanauita mfongo. Mababu zao waliichimba kabla Mjerumani hajafika: wanayachepusha maji ya mto huko juu kwenye korongo, wanayazungusha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, na watu wana zamu za kufungulia. Nikawaza sisi tulivyokuwa tunagombania foleni ya ndoo na bomba ni moja, tena limekauka.

Kiongozi mwenyewe ni kijana wa hapo hapo, ana adabu, shikamoo ndiyo ilimtangulia. Kavaa buti za mvua. Nilipoziona zile buti nikatazama makobazi yangu, nikajua nimekwisha.

Haya, goti. Kutoka kijijini hadi kwenye maji wao wanakwambia dakika 45. Sisi tulitumia saa nzima na ushee. Mwanzo njia ni pana na haina tabu. Kipande cha mwisho ndicho chenye kazi, maana unashuka bondeni na udongo mwekundu umelowa, unateleza kama bamia. Kijana alinikatia fimbo, akanielekeza nishuke upande upande kama kaa. Nikamwambia mwanangu, mambo ya kaa hunifundishi wewe. Jibu langu ni kwamba goti lako litafika, ila usiku litakusema. Njoo na viatu vyenye meno na usione haya kushika mkono wa mtu. Kurudi ni kupanda, na goti langu huko halikulalamika, pumzi ndiyo iliyokataa.

Unayasikia kabla hujayaona. Mimi nilidhani ni upepo kwenye migomba. Kisha kona moja, na ukuta mweusi wa mwamba umekusimamia mbele, maji yanatokea juu kabisa, mita 80 hivi. Nikufananishie na nini? Mnazi wetu mrefu kabisa tuseme una mita 25. Panga mitatu, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, na bado haifiki. Yanaanza mazito, meupe, kama mtu kamwaga. Yakifika katikati yanapasuka, yanakuwa kama unga unaopepetwa, na chini yanakufikia kwa upepo. Tulisimama hatua 30 na kanga zikalowa chapachapa.

Mabinti waliingia kwenye bwawa la chini wakipiga kelele za kuvunja masikio. Kijana aliwakataza wasisogee pale maji yanapotua, kwa sababu wakati mwingine yanashuka na mawe. Mimi nilitia mguu mmoja. Shoga, ile si baridi, ile ni maumivu, mfupa wa kifundo unauma kama umegongwa. Nikautoa. Wifi hata viatu hakuvua, alikaa juu ya jiwe akala ndizi zake nne.

Tuliporudi kijijini tukapelekwa bandani kwa mzee mmoja wa kahawa. Mibuni yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuiva, moja nyekundu kati ya kijani nyingi, kwa hiyo tulitumia akiba ya msimu uliopita. Unatwanga kwenye kinu kutoa ganda, wote wanaimba na kupiga makofi, unapepeta kwa ungo, unakaanga kwenye chungu juu ya mafiga matatu. Hapo moshi unabadilika harufu, kwanza kama nyasi mbichi, halafu kama mkate, halafu ndiyo kahawa yenyewe, na mzee anaondoa chungu wakati wewe ungesema bado. Mabinti walipewa mchi dakika mbili wakaomba kupumzika. Mimi nilitwanga mpaka mwisho, mzee akaniambia "aika mae", yaani asante mama, na nikavimba kichwa siku nzima.

Nilimwambia kwetu kahawa inanywewa barazani alfajiri, chungu, kwa vikombe visivyo na mkono, na kashata pembeni. Akacheka sana. Akasema baba yake alilima kahawa maisha yake yote na hakuwa akiinywa. Yeye alikunywa mbege, ile pombe yao ya ndizi, na chai. Kahawa ilikuwa ada ya shule. Inapelekwa chama cha msingi, inakwenda KNCU, ule ushirika wao wa tangu 1933, na pesa ikirudi inapita nyumbani bila kukaa kwenda kwa mwalimu. Nikakumbuka wazee wetu na mkonge. Pale Kikogwe, jirani kabisa na kwetu Pangani, ndipo Mjerumani alipoupanda kwa mara ya kwanza 1893, na babu zetu wakaukata miaka na miaka, lakini kamba ya nyumbani ilinunuliwa dukani.

Chakula cha mchana sikisemi. Kilikuwa cha baridi.

Sasa Chemka. Unashika barabara ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe, hapo unaacha lami, unakata kushoto kuelekea Rundugai. Na hapo ndipo utakapodhani umetapeliwa. Asubuhi ulikuwa kwenye matope na migomba, sasa ni tambarare kavu, migunga na vumbi linaloingia mpaka kwenye meno, na gari linaruka. Wifi akauliza, "Maji gani yatakaa huku?" Ghafla unaona kijisitu kimoja cha kijani katikati ya ukavu, kama mtu kakisahau. Ndiyo hapo.

Wenye jina la Kizungu wanaiita chemchemi ya maji moto, na hilo jina Chemka nalo linasaidia uongo, lakini hayachemki hata kidogo. Ni kama maji yaliyokaa ndooni kivulini. Rangi yake ni ile ya chupa ya soda ya kijani ukiitazama juani, na mizizi ya mikuyu imeinamia ukingoni, minene kama mapaja, watu wanaikalia. Uwazi wake unadanganya. Niliona kokoto chini nikadhani yanafika kiunoni. Kijana mmoja akaning'inia kwenye kamba, akajirusha, akazama wima na mikono juu, asiguse chini. Wanakodisha matairi ya ndani na makoti ya kuelea. Kodi, usijitie ujasiri. Na kama unaweza usiende Jumapili, tuliambiwa siku hiyo ni spika na mishikaki, maji huyaoni kwa watu.

Mimi nikamuuliza mwenye matairi swali moja tu. "Kuna mamba?"

Alicheka mpaka akashika mti. Kiongozi wetu akaja kunituliza, akaniambia, "Mama, hapa ni jichoni kabisa, maji yanatoka chini ya ardhi. Yakitoka hapa ni Mto Kikuletwa, yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu."

"Halafu?"

"Halafu sijui, mama. Bondeni huko."

Shoga, hapo ndipo moyo ulinipasuka pa! Maana mimi ndiye ninayejua. Pale bwawani Kikuletwa inakutana na Ruvu, ule wa kule si wa Bagamoyo, na kinachotoka ni Mto Pangani. Unateremka Korogwe, unapita Hale kwenye mitambo ya umeme, unazunguka kwenye minazi, unapita chini ya pantoni kati yetu na Bweni, unaingia baharini mbele ya nyumba ya mama. Ule mto ambao mimi na wewe tumekua pembeni yake na hatukuwahi kutia zaidi ya nyayo. Unakumbuka fimbo za mama tukikutwa kwenye ngazi za gati na miguu majini? Unakumbuka mbuzi wa jirani, alivyokwenda kunywa ikarudi kamba tu? Miaka arobaini na kitu nimeuvuka, nimeula samaki wake, nimeutukana ukichelewesha pantoni, na sijauoga.

Nikamwambia kijana, nyinyi mnauanza, sisi tunaumalizia. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ana shangazi asiyemjua.

Basi nikaingia. Na dera, maana vazi jingine sina, na suruali ndani. Kosa langu ni kuingia kwa miguu kwanza, dera likajaa hewa, likapanda likanizunguka kama hema, nikawa naelea katikati yake nimetoa kichwa tu. Mabinti walicheka mpaka mmoja akameza maji. Wifi ukingoni anapiga picha, hizo ndizo sikukutumia na sitakutumia. Lilipolowa likatulia, nikashika tairi kwa mikono yote miwili, nikanyoosha miguu. Samaki wadogo wakaja kwenye visigino, wanadonoa ngozi iliyokufa, wanachekesha kama mtoto mchanga anayekutafuta kwa midomo. Nikaacha kuongea. Wifi anasema ilikuwa nusu saa. Mimi nilidhani dakika tano. Nilipotoka vidole vilikuwa vimenyauka kama zabibu kavu.

Desemba mje. Mje na Nasra na wadogo zake, nami nitapanda basi la Moshi nikukute. Mjini kutakuwa na joto, hayo maji ya Materuni hayatakuumiza mfupa kama yalivyoniumiza, na mlima huenda ukakubali kuvua shuka. Mkianza na Chemka hamtapanda tena Materuni, miili itakuwa imelegea, kwa hiyo fuateni mpango ule ule. Chakula pikeni wenyewe.

Jambo la mwisho. Makobazi yalikuwa matope matupu, nikanunua kandambili pale Boma. Nikaziacha kwenye mzizi, watoto wa tairi wakapita kwa fujo zao, moja ikatumbukia ikachukuliwa na mkondo, naiona hivi hivi inakwenda zake. Ni ya kijani, mguu wa kushoto, namba 39. Najua kuna bwawa njiani, na mitambo ya Hale, lakini ukivuka kwenda Bweni hebu tupia jicho.

Nisalimie mama. Mwambie nimeoga mtoni na sikuliwa.

Ni mimi shoga yako,
Mama Jamila